Kulifuata Gongo la Barafu hadi Broken Hill

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kanisani Granville au kazini Westmead ananiuliza swali lile lile: ilikuwaje? Nimelijibu nusunusu mara nyingi, nikikimbilia basi au nikiwa na trei ya uji mkononi, mpaka sasa kuna wanaoamini kwamba niliibiwa, na wengine kwamba Papa Bahati alikamatwa na polisi. Hakuna aliyeibiwa, na hakuna aliyekamatwa. Nimeona niandike yote mara moja ili nipumzike.

Kwa yule atakayetumiwa maandishi haya bila kunijua: mimi ni Mama Mwende, mtunzaji katika nyumba ya wazee iliyo karibu na hospitali za Westmead, hapa Sydney. Nilikulia Machakos, na shuleni nilikuwa golikipa wa mpira wa magongo. Mwaka mmoja kabla ya korona niliona gongo la zamani katika duka la vitu kuukuu hapa Granville, nikalinunua nikidhani ni la mchezo wangu. Aliyeniambia nimekosea ni Papa Bahati, fundi seremala wa Uvira, ambaye siku hizi anakarabati paleti kwenye karakana nyuma ya stesheni. Aliligeuzageuza, akalinusa, akapitisha ukucha kwenye mistari ya mti.

"Mama Mwende, hii muti haikupindiwa na mutu," akasema. "Iliota vile, pale mizizi inaachana na shina. Mwenye kuichonga alienda kuitafuta porini na shoka."

Nikatafuta kwenye mtandao hadi macho yakaniuma. Kumbe kabla ya viwanda kuanza kuunda magongo, watu wa nchi za baridi, Kanada na Uskoti na kwingineko, walicheza juu ya madimbwi yaliyoganda, wakifukuzana na kisahani cha mti, kila mmoja na gongo alilokata mwenyewe. Michezo hiyo ndiyo iliyozaa hoki ya barafu. Magongo yale yalisafiri katika mizigo ya wahamiaji, na machache yaliishia huku Australia, kwenye mabanda ya watu wasioyajua. Lokidauni ilipotufungia karibu na nyumbani, ndipo ugonjwa huu uliponishika sawasawa. Mchana nilikuwa nawaona wazee wetu wakiwapungia watoto wao kupitia kioo cha dirisha. Nikirudi nyumbani nilioga, nikachukua gongo, nikalipaka mafuta ya kitani polepole mpaka mikono yangu itulie. Sasa ninayo sita. Mimi mwenyewe sijawahi kukanyaga barafu.

La saba niliona tangazo lake. Aliyeliweka ni mwanamume wa Adelaide anayeitwa Graham. Aliandika kwamba ni gongo la baba wa babu yake, lililotoka Nova Scotia, Kanada, kipande kimoja cha mti, na kwamba liko nyumbani kwa mama yake Broken Hill. Yeye hakuweza kwenda kulichukua kwa sababu mpaka wa jimbo lao ulikuwa bado umefungwa. Sisi wa Sydney ndio kwanza tulikuwa tumeruhusiwa kwenda mikoani. Tulikubaliana bei kwa simu, nami nikasema nitakwenda mwenyewe.

Niliandika kwenye kundi letu la kanisani kwamba nasafiri kufuata gongo la kale. Baada ya dakika chache Dada Upendo wa Dodoma alinipigia faraghani. Akaniambia kwa upole sana kwamba lokidauni imewaumiza wengi, na kwamba si aibu kutafuta mtu wa kuongea naye. Ilichukua muda kuelewana. Kwao gongo ni pombe ile inayopikwa kwa kujificha.

Parramatta hadi Dubbo

Mama Bahati, rafiki yangu wa kwaya, ndiye aliyeamua kwamba mumewe anisindikize. Alisema mimi najua mitandao lakini mti siujui, na nitauziwa mpini wa jembe. Asubuhi alituleta stesheni ya Parramatta, akampa mumewe mfuko wa chakula, akanipa mimi maagizo ya kumkumbusha dawa ya presha.

Treni ilipanda milima ya buluu katika mvua. Tulikaa na barakoa zetu, viti viwili vikiachwa wazi kati yetu na jirani, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifuma soksi. Nilikuwa nimebeba chapati na ndengu. Papa Bahati alifungua mfuko wake tulipopita Lithgow: bugali baridi, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wao wa kukaanga. Behewa zima likajua.

Yule mwanamke aliacha kufuma. Nilijiandaa kwa maneno. Akashusha barakoa kidogo, akavuta pumzi.

"Samahani," akasema. "Hiyo ni samaki?"

"Ndiyo," nikasema. "Anaweza kufunga mfuko."

"Niliugua korona," akasema. "Sijasikia harufu ya kitu chochote tangu nipone. Hiyo naisikia."

Nilipomtafsiria Papa Bahati, alisimama, akapita viti vile viwili tulivyokatazwa, akamwekea ndagala kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Mwanamke aliwala mmoja mmoja, na vichwa vyao. Baadaye machozi yakamtoka kidogo, akafuta kwa soksi ile ile aliyokuwa akiifuma. Aliposhuka Orange alimpa mkono Papa Bahati, jambo ambalo siku zile hakuna aliyekuwa akilifanya, kisha wote wawili wakakumbuka, wakaanza kutafuta dawa ya mikono.

"Huyu ni mutu muzuri," Papa Bahati akasema treni ilipoondoka, akichanganya Kifaransa kama kawaida yake. "Mais soksi yake ni kubwa sana. Ni ya nani?"

Hatukuwa tumeuliza.

Dubbo hadi Cobar

Dubbo tulibadilisha, tukapanda basi la masafa marefu. Kuanzia hapo nchi inatandaa. Miti inapungua urefu, barabara inanyooka, na rangi ya udongo inakuwa ile ya Kitui, nyekundu ya matofali, hata nikabaki nikitazama nje. Mvua zilikuwa zimenyesha mwaka huo, na nyasi zilikuwa kila mahali. Emu, ndege wa huku wanaofanana na mbuni, walikimbia sambamba nasi wakitikisa makalio. Papa Bahati aliwahesabu hadi akalala.

Tulipopita Nyngan, jua likiwa bado juu, injini ilipiga kelele kama sufuria iliyoanguka, kisha basi likasimama pembeni. Dereva, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alitutangazia kwamba mkanda umekatika na basi jingine litakuja. Lini? Hapo hakusema. Tulikuwa abiria saba. Tulishuka tukasimama kwenye kivuli cha basi, na kivuli kikiendelea kusogea tukisogea nacho, kila mtu akijitahidi kuacha nafasi kwa mwenzake, na nzi wakijaribu kuingia ndani ya barakoa zetu.

Dereva aliniuliza tunakokwenda. Nikasema Broken Hill, kuchukua gongo la kuchezea kwenye barafu.

Aliutazama uwanda mzima, joto likicheza juu ya lami. "Barafu," akasema.

"La zamani," nikasema, kama vile hilo lilieleza kitu.

Hakucheka. Alifungua sanduku lake la baridi, akatoa vipande vya barafu vilivyobaki kuzunguka chupa zake za maji, akanipa kimoja kwenye kiganja. "Anzia hapa," akasema.

Basi la pili lilifika lakini halikuwa na ruhusa ya kwenda mbali zaidi ya Cobar. Tulilala huko kwenye moteli yenye kiyoyozi kinachokohoa, kila mmoja na chumba chake, nami nikagonga ukuta kumkumbusha Papa Bahati dawa, naye akagonga mara mbili kuonyesha ameshameza.

Cobar hadi Broken Hill

Siku ya pili, Jumapili, tukapanda basi jingine. Papa Bahati aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini ndani ya barakoa, mimi nikaitikia sehemu ya pili. Miji midogo ya njiani ilikuwa imeweka vibao vikiwaomba wageni wapite tu, wasishuke, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umewapiga sana. Tulipita. Kwenye veranda moja watu walitupungia mkono, nasi tukapunga.

Tulipofika Broken Hill, saa ya stesheni ilikuwa nyuma ya simu zetu kwa nusu saa. Papa Bahati alitikisa saa yake ya mkono, akaiweka sikioni. Mwenye teksi ndiye aliyetueleza kwamba mji huu uko jimbo letu lakini unafuata saa ya Adelaide, tangu zamani.

"Donc tumekuya mbali hivi, tumepewa nusu saa ya bure," Papa Bahati akasema. Alionekana ameridhika kabisa.

Mlango wa Bi Elsie

Nyumba ilikuwa ya mabati, kuta na paa, na bustani ya mlimau mmoja. Nilibisha. Kutoka ndani nikasikia kitu kikigonga vigae, pole pole, kikikaribia. Mlango ukafunguka kiasi cha mnyororo. Niliona jicho la buluu, nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, na mkono.

"Habari, Bi Elsie. Nimetumwa na Graham, mwanao."

Lile jicho lilinitazama usoni, likashuka hadi kwenye viatu vyangu, vile vyeusi vya kazini visivyoteleza. Likabaki hapo.

"Mwambie siendi," akasema. Mlango ukafungwa.

"Amesema nini?" Papa Bahati akauliza.

"Amesema haendi."

"Anakataa kwenda wapi?"

"Sijui."

Tulisimama. Jua lilikuwa kali mno, na Papa Bahati ana miaka sitini na mitatu. Nikaenda dirishani. Kuongea na watu kupitia kioo ni kazi niliyokuwa nimeifanya karibu miaka miwili, nikijua uso usogee wapi na sauti ipande kiasi gani.

"Bi Elsie," nikasema, "unafikiri nimekuja kukupeleka wapi?"

Alikuwa amekaa kwenye kiti, mgongo umenyooka. "Navijua hivyo viatu. Wauguzi wa mume wangu Ron walivaa hivyo. Graham anataka kuniweka kwenye nyumba ya wazee, na amekutuma wewe kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kuvuka mpaka."

"Nimekuja kwa ajili ya gongo tu. Aliliweka kwenye tangazo. Nimelifuata kutoka Sydney, siku mbili sasa."

"Gongo lipi?"

Wakati huo ndipo nililiona. Lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameligeuza juu chini, ile sehemu iliyopinda, iliyokuwa ikipiga kisahani kwenye barafu, ikawa ndiyo ya kushikia, na mpini ukawa ndio unaokanyaga sakafu. Naye akafuata macho yangu, akalitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

"Hili?" akasema. "Anauza fimbo yangu?"

Nimewahi kuona watu wakipewa habari mbaya kazini. Uso wake ulifanya vile vile.

Nilirudi verandani nikampigia Graham. Akaanza kusema haraka. Mama yake alikuwa ameanguka mara mbili kwa sababu ya gongo lile. Kliniki ilimpa fremu nzuri ya kutembelea, yenye magurudumu, naye anaanikia taulo. Alifikiri gongo likiondoka, mama atalazimika kutumia fremu. Alikuwa na mpango wa kumwambia kabla sijafika.

"Kwa nini hukumwambia?" nikamuuliza.

"Kila nikipiga simu anasema yuko sawa, kisha anakata."

Nilikuwa na hasira naye kwa kunifanya niwe mwizi mlangoni kwa mtu. Lakini nilizijua sauti za watoto kama yeye. Nilikuwa nazipokea kwenye simu ya wadi kila siku: watu walio mbali, wanaouliza kama mama amekula.

Mnyororo ukafunguliwa. Bi Elsie alisimama mlangoni akimtazama Papa Bahati, aliyekuwa amevua kofia akijipepea.

"Yule bwana ataungua," akasema. "Ingieni. Na mniambie gongo hili lina nini hata mtu atoke Sydney."

Alitupatia mikate yenye jibini na karoti zilizokunwa pamoja, chakula cha mji ule, akasema huwezi kukipata kwingine. Papa Bahati alifungua mkate wake akauchungulia. "Karoti na fromage," akaninong'onezea. Alikula minne.

Jumatatu

Treni ya kuturudisha inapita mara moja kwa wiki, Jumanne asubuhi. Kwa hiyo Jumatatu nilikuwa na siku nzima ya kuona haya. Nilimpelekea ndengu zilizobaki, nikiwa nimezipasha moto kwenye moteli, nikamwomba msamaha. Nikamwambia gongo ni lake na sitaligusa.

"Kuligusa unaweza," akasema, akaliweka kwenye mikono yangu.

Nilikaa nalo kwenye ngazi ya nyuma. Lilikuwa fupi, la mchezaji anayeinama sana, zito pale chini, na mistari ya mti ilipinda pamoja na mkunjo bila kukatika hata mmoja. Pale kiganja chake kinapokaa kulikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa kisu, zimesuguliwa hadi karibu kufutika. Papa Bahati alipiga magoti ardhini kulitazama, akasema kwa Kifuliiru, lugha ya kwao, kitu ambacho hakunitafsiria.

Nikamweleza Bi Elsie yote niliyoyajua: mizizi, shoka, madimbwi. Yeye akanieleza kwamba huyo mwenye gongo, aliyekuwa babu yake yeye, alikuja kuchimba madini, na kwamba baba yake Elsie alipigia gongo hilo malimau uani, akimlenga yeye akiwa mtoto.

"Ulikuwa golikipa?" nikamuuliza.

"Nilikuwa golikipa mzuri sana," akasema.

Tuliweka kiti chake chini ya ukuta wa bafu la nje, na ndoo kila upande kuwa milingoti. Papa Bahati alichuma limau. Nikashika gongo lile kwa jinsi lilivyokusudiwa kushikwa, nikainama, nikapiga taratibu. Alilizuia kwa mguu. Nikapiga tena kwa nguvu kidogo. Alilidaka kwa mkono mmoja bila kusogea kitini, akanitazama kwa dharau ambayo sikuwa nimeiona tangu Machakos. Tulicheza mpaka malimau manne yakapasuka na uani pakanuka vizuri.

Alasiri, tukinywa chai, akasema: "Kesho ulichukue."

Nilianza kukataa, akainua mkono. "Nimeanguka mara mbili, hilo ni kweli. Nikiendelea hivi atanihamisha. Na nikifa, atakayesafisha nyumba atalichoma. Wewe unajua ni nini."

Ningeweza kubishana zaidi. Sikubishana. Nitawaambieni ukweli: nililitaka sana, na sababu zake zilikuwa nzuri.

Stesheni

Bi Elsie alitusindikiza Jumanne kwa teksi, na pale stesheni akasukuma fremu yake ya magurudumu. Gongo lilikuwa mikononi mwangu, limefungwa kwa blanketi la mtoto alilolitoa kabatini. Treni ilikuwa imesimama lakini injini ilikuwa na hitilafu, tukaambiwa tungoje. Papa Bahati akapanda kuweka mizigo. Sisi wawili tukakaa kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja kati yetu, kama ilivyotakiwa.

Mkono wake wa kulia ulikuwa magotini, ukifumba na kufumbua.

"Nililishika siku ya Ron," akasema. Alikuwa akiangalia reli. Mumewe alifariki lokidauni ikiwa kali. "Waliruhusu watu wachache tu makaburini, na kila mtu asimame mbali. Graham hakuweza kuja. Hakuna aliyeruhusiwa kunishika mkono. Mchungaji alitaka, nikaona anataka, akabaki pale pale. Basi nikalishika hili kwa mikono yote miwili. Ilinyesha. Nilisimama mpaka mwisho."

"Graham anajua?"

"Aliona yote kwa simu. Mtu aliweka simu kwenye kiti."

"Simu ilikuwa inaelekea wapi?"

Alifikiri. "Kwa Ron," akasema. "Kwenye jeneza."

Kwa hiyo Graham hakuwa ameona. Alikuwa ameona sanduku na mvua, na hakumwona mama yake. Nililiweka lile blanketi lenye gongo mapajani mwa Bi Elsie. Hakuuliza kwa nini. Nikatoa simu, nikampigia Graham, nikamwambia mama yake ana jambo la kumweleza kuhusu gongo na kwamba safari hii asimwache akate. Nikampa Bi Elsie simu.

Alianza vibaya, akizungumzia hali ya hewa. Kisha akasema, "Graham, siku ya baba yako," na kuanzia hapo akaendelea. Nilisogea mbali nisisikie. Nilimwona tu akizungumza, blanketi limefunguka, kiganja chake kikiwa juu ya zile herufi. Baadaye akawa anasikiliza, na kutoka pale niliposimama nilisikia kwamba upande wa pili mwanamume alikuwa analia.

Injini ikapona. Mwenye filimbi akatuita. Papa Bahati akatoa kichwa mlangoni.

"Mama Mwende, tunaenda."

Nikatazama simu yangu sikioni mwa Bi Elsie. Ningeweza kuiomba. Ni maneno mawili tu: samahani, treni. Angekata mara moja, maana ndivyo alivyokuwa, na angesema yuko sawa. Keshoye nilikuwa na shifti ya asubuhi, na treni nyingine ingekuja baada ya wiki.

"Shusha mizigo," nikamwambia Papa Bahati.

Alinitazama, akamtazama yule mama kwenye benchi. Alikuwa ameacha ndugu Uvira ambao walizikwa akiwa hapa Granville, akiangalia kwa simu. Aliingia ndani, akarusha begi langu, akarusha lake, akashuka mwenyewe treni ikianza kujongea, mwenye filimbi akimkemea kwa lugha ambayo Papa Bahati aliamua haielewi.

Treni ikaondoka. Bi Elsie hakugundua. Walizungumza mpaka betri yangu ikaisha.

Kazi ya fundi

Bi Elsie alipogundua kwamba treni imetuacha, alijilaumu sana, akatuambia tulale kwake hadi basi la alfajiri. Nilimpigia msimamizi wangu kwa simu ya mezani, akaniambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha Graham akapiga simu ile ile, akaniomba ushauri, si kama mnunuzi bali kama mtunzaji. Alisema hataki tena liuzwe. Anataka tu mama asianguke.

Jibu nililijua tangu nilipomwona Bi Elsie mara ya kwanza, na nilikuwa nimelifunika. Gongo lile, ingawa fupi kwa mchezo, lilikuwa refu kuliko fimbo inayompasa, likimwinua bega na kumyumbisha, na ncha yake ilikuwa laini kama sabuni. Mtu wa kazi yangu hupima kuanzia kifundo cha mkono mpaka sakafuni, hukata kilichozidi na kuweka kiatu cha mpira. Ni kazi ya dakika kumi. Lakini mtu anayekusanya vitu vya kale hakati. Gongo lililokatwa halina thamani tena kwa yeyote, na hakuna wa kulirudisha lilivyokuwa.

Nilimwambia Bi Elsie vyote viwili. Akasema, "Kwangu litakuwa na thamani."

Nikampima. Nikachora mstari kwa penseli, vidole vinne kutoka mwisho. Papa Bahati alikuta msumeno wa Ron bandani, akaunoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Mwende," akasema, "uko na hakika? Mi siko fundi ya kuharibu."

"Kata."

"Angalia kwanza."

Nikaangalia. Nikapitisha mkono toka mkunjo hadi ncha, lote, kwa mara ya mwisho. Kisha nikashika upande mmoja lisitikisike, naye akakata. Unga wa mti ule ulikuwa mweupe, na ulinukia kama ulikatwa jana. Kiatu cha mpira tulikipata kwenye mguu wa nyuma wa ile fremu, usio na gurudumu.

Bi Elsie alitembea kutoka jikoni hadi mlangoni, akageuka, akarudi. Bega lilikuwa limeshuka. Alienda akarudi tena, akatoka uani peke yake, akauzunguka mlimau, sisi tukimtazama kupitia wavu wa mlango, mimi nikilia na Papa Bahati akijifanya anafagia.

Tulifika Sydney Jumatano baada ya basi na treni. Mpaka ulipofunguliwa, Graham alikwenda. Alinitumia picha ya mama yake akiwa golini kati ya ndoo mbili, na gongo limeegemea kiti.

Kile kipande cha vidole vinne Bi Elsie alinipa mimi. Kipo rafuni Granville pamoja na yale sita, na juzi binti yangu Mwende alikiinua, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama hicho tu ndicho nilichokwenda kukichukua mbali kote huko.

Nilimwambia ndicho, na akirudishe taratibu.